Karta ya Ufalme wa Kongo Iliyochapwa Roma Mwaka 1591

Tukisoma historia ya Eklezya katika nchi zetu, mara nyingi twaruka. Twataja ubatizo wa mfalme Nzinga a Nkuwu mwaka 1491, twamsifu mwanawe Afonso, twamkumbuka Dom Henrique, mwana wa Afonso, aliyepewa uaskofu mwaka 1518, na palepale twajikuta karibu na wamisionari wa karne ya 19. Katikati kuna miaka zaidi ya mia tatu. Wakatekista wakiulizwa habari ya miaka ile, wengi hujibu kwamba imani ilikufa, basi. Jibu hilo si kweli, tena linawanyima heshima watu waliohangaika sana ili wapate mapadri na askofu wao wenyewe. Shahidi mmoja wa mahangaiko hayo ni karatasi: karta ya ufalme wa Kongo, pamoja na karta kubwa ya Afrika, zilizochapwa Roma mwaka 1591. Wenye kukusanya vitu vya kale huzitafuta sana, kwa sababu ni adimu na zimechongwa kwa ustadi. Sisi tuna sababu nyingine ya kuzitazama.

Karta hizo zilitiwa ndani ya kitabu cha Kiitalia kiitwacho Relatione del Reame di Congo, maana yake Habari za Ufalme wa Kongo. Mwandishi ni Filippo Pigafetta wa mji wa Vicenza. (Asichanganywe na Antonio Pigafetta, mtu wa mji uleule, aliyeandika zamani kidogo safari ya Magellan.) Mwenye kutoa kitabu alikuwa Bartolomeo Grassi, na fundi aliyezichonga karta ni Natale Bonifacio, mzaliwa wa Šibenik kwenye pwani ya Dalmatia, aliyefanya kazi yake Roma.

Kuchonga karta wakati ule haikuwa kazi ya haraka. Fundi alichukua bamba la shaba, akalisugua hata likawa laini kama kioo. Kisha kwa chuma kidogo chenye ncha kali alichimba mistari, mto kwa mto, mlima kwa mlima, na herufi zote aliziandika kinyume, ili zikishachapwa zisomeke sawasawa. Akapaka wino, akapangusa bamba hata wino ukabaki ndani ya mifereji tu, akalaza juu yake karatasi yenye unyevu, na kuvipitisha vyote kati ya magogo mawili ya mtambo. Akikosea herufi moja, sherti akwangue na kugonga bamba kwa nyuma kabla ya kuanza tena. Ndugu zetu wa Katanga, ambao wazee wao waliyeyusha shaba na kuitengeneza kwa mfano wa misalaba zamani za kale, wataelewa upesi: shaba ni laini, hukubali kuchongwa, lakini pia huchakaa. Kila karatasi iliyopita katika mtambo iliibia bamba ukali wake kidogo.

Bonifacio hakuona Afrika. Pigafetta alikuwa amefika Misri, lakini Kongo hakukanyaga kamwe. Basi, habari zote zilizomo katika karta zilitoka kwa nani? Ukurasa wa kwanza wa kitabu wajibu: zilitoka katika maandiko na mazungumzo ya Duarte Lopes, Mreno. Na Lopes mwenyewe alifika Roma kama balozi wa mfalme mweusi. Hapo ndipo penye kiini cha habari yetu.

Duarte Lopes alikuwa mzaliwa wa Benavente, si mbali na Lisbon. Mwaka 1578 alipanda merikebu ya mjomba wake akaenda Luanda, na kutoka hapo Kongo, kwa ajili ya biashara. Aliishi huko miaka michache, akapata kujulikana katika nyumba ya mfalme Álvaro I. Mfalme huyo anastahili kufahamika kuliko anavyofahamika.

Álvaro alipanda kiti cha ufalme mwaka 1568, katika siku mbaya. Wafalme waliomtangulia walipita upesi, mmoja aliuawa, wengine walikufa vitani. Yeye mwenyewe hakuwa mtoto wa damu wa Henrique I aliyemtangulia, alikuwa mtoto wa mkewe. Kwa hiyo walikuwako watu wa ukoo wa zamani waliomtazama kwa jicho la pembeni. Mwaka uleule watu walioitwa Jaga waliushambulia ufalme. Wanahistoria wa siku hizi wamebishana sana juu yao: wengine husema walikuwa wageni kutoka mashariki, upande wa mto Kwango, wengine wanafikiri kwamba ndani yao walikuwamo raia wa Kongo wenyewe waliochoka na wakubwa wao. Mimi naona kwamba hakuna jeshi la wageni liwezalo kuuangusha mji mkuu wa ufalme wenye nguvu kama ule, ikiwa ndani ya nyumba wote wamepatana. Hata hivyo mji uliangushwa. Mfalme, wakubwa wake, mapadri na Wareno walikimbilia kisiwa kimoja katika mto mkubwa. Huko waliuawa na njaa na magonjwa kuliko walivyouawa na mikuki.

Pigafetta aeleza jambo moja la kisiwa hicho ambalo mtu akilisoma halisahau. Njaa ilizidi hata baba akamtoa mwanawe, na ndugu akamtoa ndugu yake, wapate chakula. Wafanyabiashara wa kisiwa cha São Tomé walikuja na mitumbwi na vyakula, wakaondoka na watu. Hata watoto wa wakubwa waliuzwa hivyo. Tukumbuke kwamba wauzaji na wanunuzi, wengi wao, walikuwa wamebatizwa. Baadaye, vita vilipokwisha, Álvaro alituma watu wawatafute waliouzwa, huko São Tomé na Ureno, ili wakombolewe; wengine walirudi.

Mfalme Sebastião wa Ureno alimpelekea msaada: Francisco de Gouveia, pamoja na askari 600, waliofika mwaka 1571. Jaga wakafukuzwa, Álvaro akarudi katika mji wake, Mbanza Kongo, ambao Wareno waliuita São Salvador, yaani Mkombozi Mtakatifu. Lakini msaada wa namna hiyo hauji bure. Mwaka 1575 Paulo Dias de Novais alifika Luanda akiwa na hati ya mfalme wa Ureno ya kufanya koloni. Na kisiwa cha Luanda, ndugu msomaji, kilikuwa mali ya mfalme wa Kongo mwenyewe. Wanawake walizama katika maji yake na kuchota mchanga, wakatenga makome madogo yanayoitwa nzimbu. Nzimbu ndiyo iliyokuwa franka ya Kongo: kwayo walilipa kodi, walinunua mbuzi, walitoa mahari. Mwenye Luanda alikuwa kama mwenye banki. Sasa ng'ambo ya kisiwa hicho, bara, palijengwa ngome na mji wa Wareno.

Mwaka 1580 jambo lingine likatokea mbali, ambalo hakuna mtu wa Kongo aliyeulizwa juu yake. Mfalme Sebastião alikuwa amekufa vitani huko Moroko mwaka 1578 bila kuacha mtoto, na baada ya mjomba wa baba yake, kardinali Henrique, kufa pia, ufalme wa Ureno uliangukia mikononi mwa Felipe II wa Hispania. Pamoja na merikebu na ngome alirithi ile haki inayoitwa padroado: Mapapa walikuwa wamewapa wafalme wa Ureno kazi ya kueneza imani katika nchi za ng'ambo, na pamoja na kazi hiyo haki ya kuwachagua maaskofu na kuwaruhusu wamisionari kusafiri. Tangu mwaka 1534 Kongo ilikuwa chini ya askofu wa São Tomé, kisiwa kilekile cha wafanyabiashara wa watumwa. Álvaro alitaka mapadri. Wachache walifika, kama Wakarmeli watatu mwaka 1584, lakini hawakukaa siku nyingi. Alitaka askofu wake mwenyewe pia. Lakini kila barua yake sherti ipite kwa mfalme mwingine.

Ndipo mwaka 1583 alipomtuma Duarte Lopes. Kwa Felipe apeleke habari za ufalme, aombe mapadri, amwonyeshe pia mifano ya madini na kumwambia kwamba wafanyabiashara watapokelewa. Kwa Papa apeleke heshima za mfalme mkristu na kumweleza jinsi roho za watu zinavyokosa wachungaji. Tazama hekima ya ujumbe huo. Kwa Felipe mfalme anaonyesha madini, kwa Papa anaonyesha roho. Wengine wamesema huo ni ujanja. Lakini mtu mwenye jirani kama Paulo Dias angefanya nini? Alimpa kila mmoja neno analolisikia vizuri.

Safari ya Lopes ilikuwa ya taabu. Merikebu yake ilianza kuingiza maji, na upepo ukaisukuma mpaka upande wa pili wa bahari, kwenye visiwa vya Marekani, mahali pa kuvulia lulu. Huko akapoteza karibu mwaka mzima. Álvaro, kwa kuona kimya, akamtuma balozi mwingine, Dom Pedro António, mtu mkubwa wa Kongo. Huyo alikamatwa baharini na Waingereza, wala hakufika. Mwishowe Lopes alifika Hispania. Álvaro mwenyewe alikufa mwaka 1587, akafuatwa na mwanawe Álvaro II, na balozi alikuwa bado anangoja milangoni mwa wakubwa. Felipe alikuwa ameshughulika na zile merikebu nyingi zilizoshindwa na Uingereza na dhoruba mwaka 1588. Habari za Kongo hazikuwa na uzito kwake.

Lopes akavunjika moyo na dunia. Akavaa nguo za kitambaa kigumu kama za watawa wa pangoni, akaenda Roma. Alikusudia kutumia mali yake kujenga Kongo nyumba ya masomo, ambamo mapadri wenye elimu wangewafundisha vijana wa nchi lugha na sheria ya Mungu, pamoja na hospitali kwa maskini. Wapenzi waseminari, fahamuni basi: katika mwaka 1588 mtu alitembea mjini Roma akiomba ijengwe katika Kongo kitu kinachofanana sana na seminari.

Papa Sixtus V alimpokea kwa wema. Alimsikiliza. Kisha akamjibu kwamba kwa kuwa Kongo iko chini ya mfalme wa Hispania, shauri hilo analirudisha kwa mfalme huyo. Ni jibu lilelile la padroado. Tusimhukumu Papa upesi: haki ile ilikuwa imetolewa na waliomtangulia, na mwaka ule Felipe alikuwa mlinzi mkubwa wa Eklezya ya Ulaya. Lakini tusijifiche pia. Balozi alitoka Kongo kwa sababu mlango wa Madrid umefungwa, akafika Roma, akaonyeshwa mlango wa Madrid.

Hata hivyo Roma ilimpa kitu kimoja. Antonio Migliore, askofu wa San Marco na mkubwa wa hospitali ya Roho Mtakatifu mjini Roma, alimwomba Pigafetta aandike habari zote anazozisema Lopes. Wakakaa pamoja, mmoja akisimulia kwa Kireno, mwingine akiandika kwa Kiitalia. Mwaka 1589 Lopes akaondoka kurudi Kongo, akaahidi kwamba ataleta tena habari nyingine kamili zaidi. Baada ya hapo jina lake halionekani tena. Miaka miwili baadaye kitabu kikatoka, pamoja na karta.

Sasa tuzitazame karta zenyewe. Ile ya Kongo yaonyesha majimbo sita: Bamba, Sogno, Sundi, Pango, Batta na Pemba. Ukiondoa masikio ya Kiitalia utasikia Mbamba, Soyo, Nsundi, Mpangu, Mbata na Mpemba. Mto mkubwa waitwa Zaire, ambalo ni neno la Kikongo nzadi, yaani mto, lililopotoka katika vinywa vya Wareno. Nchi yetu ililichukua jina hilo tangu 1971 mpaka 1997, na watu wengi walifikiri ni neno la zamani safi. Kumbe limepita Lisbon na Roma kabla ya kurudi. Mipaka ya ufalme imechorwa kwa upana kuliko nguvu za mfalme zilivyofika kwa kweli, hata nchi zilizokuwa zimekwisha kujitoa zimewekwa chini yake. Wenye elimu ya jiografia huliita kosa. Mimi naona ni madai. Hivyo ndivyo mfalme wa Kongo alivyotaka nchi yake ionekane mbele ya Papa na Felipe: ufalme mmoja, wenye majimbo, wenye mji mkuu wa kikristu, wenye pwani yake, pamoja na Luanda. Si pori linalongoja mwenyewe. Ndiyo sababu naithubutu kuiita karta hii barua ya mfalme, ijapokuwa mkono wa kuandika ni wa Mreno, na wa kuchonga ni wa mtu wa Dalmatia.

Tena tusisahau kwamba Lopes hakupima nchi yote kwa miguu yake. Majina ya mito, mahali pa kuvukia, siku za safari kutoka soko mpaka soko, hayo aliyapata kwa wenyeji: wapagazi, wakubwa wa majimbo, wafanyabiashara wa nguo za raffia, labda pia walimu wa dini waliotembea vijijini. Hakuna hata mmoja aliyeandikwa jina.

Karta ya pili, ile ya Afrika, ni kubwa zaidi na ina mambo ya kushangaza. Tangu Ptolemaios wa Alexandria, wachoraji wote waliweka maziwa mawili ya Nile yakiwa sambamba, moja mashariki na moja magharibi, chini ya Milima ya Mwezi. Lopes alikataa. Alisema maziwa yamefuatana kutoka kusini kwenda kaskazini, na Nile hupita kati yake. Zaire nao huchota maji hukohuko. Bonifacio akachonga hivyo. Sisi tunaoishi kando ya Tanganyika na Kivu tutacheka kidogo, kwa maana Nile na mto wetu hazitoki katika ziwa moja. Lakini tutazame pia upande mwingine: mtu aliyekaa pwani ya magharibi alikuwa amesikia kwamba ndani kabisa ya bara kuna maziwa makubwa yaliyopangwa kwa mstari wa kusini na kaskazini. Wazungu waliyafikia mwaka 1858 tu, na Stanley aliufuata Lualaba mpaka baharini mwaka 1877.

Upande wa mashariki karta yaonyesha Sofala, Kilwa, Mombasa na Malindi, nyumbani kwa lugha hii tunayoandika. Kitabu chataja kwamba nyuma ya pwani hiyo yuko mfalme mkubwa aitwaye Moenemugi, anayefanya biashara na miji ya bahari. Wengi wamefikiri ni Unyamwezi. Kama ni hivyo, basi habari za njia zile ambazo baadaye zilileta Kiswahili mpaka kwetu zilikuwa zimefika masikioni mwa watu wa Roma tayari. Karibu na hapo chaeleza pia majeshi ya wanawake wapiganaji wa Monomotapa. Hayo msomaji ayapokee kwa tahadhari.

Kitabu hakikukaa Roma. Kilitafsiriwa kwa Kiholanzi mwaka 1596, kwa Kiingereza mwaka 1597, na ndugu de Bry wa Frankfurt wakakitoa kwa Kijerumani na Kilatini mwaka 1597 na 1598, pamoja na picha mpya. Tufikirie maana yake. Waholanzi na Waingereza walikuwa adui wa Felipe, tena Waprotestanti. Karta iliyotoka katika ombi la kupata mapadri iliwaonyesha mahali pa kutia nanga. Muda si mrefu merikebu za Waholanzi zilifanya biashara Soyo na Loango, na mwaka 1641 waliteka Luanda yenyewe. Kwa upande wake Kongo ilifurahi kupata mnunuzi mwingine asiye Mreno.

Kuhusu karta zenyewe, zilikunjwa ndani ya kitabu, na karatasi iliyokunjwa hupasuka mahali pa mkunjo kila inapofunguliwa. Nyingine zilikatwa na wauzaji, kwani karta moja yenye fremu hupata bei kuliko kitabu kilichokosa kitu. Hivyo vitabu vingi vilivyobaki vimekosa karta, na karta nyingi zimekosa kitabu.

Na ombi la mfalme? Álvaro II hakuliacha. Tarehe 20 Mei 1596 Papa Clemens VIII aliitoa Kongo katika mamlaka ya São Tomé, akaanzisha jimbo la São Salvador. Furaha haikuwa kamili, kwa sababu haki ya kumteua askofu ilibaki kwa mfalme wa Hispania na Ureno. Mwaka 1604 Álvaro II akamtuma Roma binamu yake António Manuel, aitwaye Ne Vunda. Huyo naye alishikwa na wanyang'anyi wa bahari, akacheleweshwa Hispania, na alipofika Roma tarehe 3 Januari 1608 alikuwa mgonjwa sana. Papa Paulus V alikwenda mwenyewe kumtembelea kitandani. Akafa siku chache baada ya kufika, wakati wa Epifania, akazikwa katika basilika ya Santa Maria Maggiore, na sanamu yake ya jiwe jeusi ipo pale mpaka leo. Mapadri wetu wanaosoma Roma wanaweza kwenda kusali mbele yake.

Maaskofu waliofuata walikuwa Wareno. Wengi walipenda kukaa Luanda, karibu na liwali na merikebu, mbali na mfalme. Baada ya vita vya Mbwila, tarehe 29 Oktoba 1665, ambavyo Wareno walimwua mfalme António I, Mbanza Kongo ilivunjika na kuachwa, na mwaka 1676 kiti cha askofu kikahamishwa rasmi kwenda Luanda, mahali ambapo karta ya mwaka 1591 yaonyesha kisiwa cha nzimbu cha mfalme wa Kongo.